Machozi ya Kurukia

Jembe likizama kwenye intumba ya mwaka jana, harufu inayopanda ni ya majani yaliyolala ardhini muda mrefu, nusu kuoza na nusu utamu. Wafipa wenzangu hamhitaji maelezo. Wengine niwaambie tu kwamba kwetu, mvua zikikaribia kukatika, tunakata majani, tunayalundika na kuyafukia kwa udongo, hadi shamba zima linajaa vilima vya mviringo, na ukiliangalia kwa mbali utadhani ng'ombe wamelala. Juu ya vilima hivyo, ambavyo ndivyo intumba, tunapanda maharage. Msimu unaofuata tunavibomoa, tunautandaza ule udongo mweusi ulionona, tunamwaga ulezi.

Msimu uliopita nilikwenda kumsaidia Skola kubomoa intumba katika shamba alilotuachia Bibi, hapo nyuma ya nyumba yake ya mtaa wa Izia, mahali mji unapoishia na kilimo kinapoanza. Nikapiga jembe la kwanza, harufu ikanijia usoni, nikasimama.

"Dada, umechoka kabla ya kuanza?" Skola akacheka.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimesimama kando ya mkokoteni wa Babu, upepo wa kiangazi unanipenya kwenye sweta, na nimefumba macho.

Skola ni mtoto wa mama yangu mdogo. Kwetu huyo si binamu, ni mdogo wako tu, na ukimwita vinginevyo watu watakuuliza mmegombania nini. Tulilelewa pamoja kwa Bibi. Mama mdogo alikuwa akifanya biashara ya dagaa: anateremka Kirando, ziwani, anakaa huko wiki kadhaa akinunua na kuanika, kisha anarudi na magunia yake na harufu yake ya samaki ambayo Skola aliipenda kuliko harufu ya maandazi. Mimi nilimzidi Skola mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukiwa na miaka tisa ni cheo kikubwa. Nilikuwa najua kila kitu, na nisichokijua nilikitunga.

Ninyi wa rika langu mtazikumbuka tamthilia zile za sidi, zilizotafsiriwa na mwanamume mmoja kwa sauti yake moja. Sisi tuliziangalia kwa Mama Edga, jirani yetu muuguzi, Jumamosi mchana baada ya kufua sare. Tulivua kandambili mlangoni, tukakaa chini kwenye mkeka, magoti yamegusana, na pazia likashushwa ili jua lisifute picha. Ndani mle mlikuwa na mwanga wa samawati na harufu ya dawa ya mbu. Nikiukumbuka mchana ule nakumbuka kama watu wanavyokumbuka kuwa chini ya maji.

Tamthilia iliyotuvuruga akili ilihusu wasichana wa shule moja ya mbali waliokuwa wanashindana jimnastiki. Walivaa nguo za kubana zinazometameta. Walipaka viganjani unga mweupe, wakavipiga makofi, na vumbi likapanda polepole kwenye mwanga wa dirisha. Halafu walikimbia, wakaruka, wakatua na mikono juu. Yule mhusika mkuu mtafsiri alimwita Binti Mrembo, na mpinzani wake alimwita Huyu Mwenye Roho Mbaya, basi, wala hakujisumbua na majina yao. Binti Mrembo alipolia, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzima mwenye kikohozi: "Mama, wewe hunipendi!" Nasi tulilia naye. Hakuna aliyeona kichekesho.

Leo ninaweza kuwaeleza yote yaliyokuwa ya ajabu katika tamthilia ile. Binti Mrembo hakutoka jasho hata siku moja. Nywele zake zilibaki zimebanwa vilevile kabla na baada. Mazoezi yake yalidumu wimbo mmoja: wimbo unaanza anaanguka, wimbo unaisha anajua. Mashindano yaliangukia kila mara siku ileile ambayo amegombana na mama yake, au rafiki kamgeuka, au mvulana fulani kaonekana na msichana mwingine. Analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anajifuta kwa mgongo wa mkono, anatoka, anaruka, anashinda. Na pale hasa miguu inapoachana na ardhi, picha ilikatika. Tulionyeshwa uso wa mama yake kwenye viti, mdomo wazi, halafu hapo hapo miguu ikitua. Katikati hatukuonyeshwa kitu. Sikujua kwamba hapo katikati palikuwa na msichana mwingine aliyeruka badala yake, asiye na jina, aliyejifunza tangu akiwa mdogo na ambaye uso wake hautakiwi kuonekana.

Mtoto hutafuta sababu kwa vile alivyoonyeshwa. Sisi hatukuonyeshwa mazoezi, tulionyeshwa machozi. Kwa hiyo tuliamua, na tuliliamua kwa uzito kabisa tukiwa tumekaa juu ya ukuta wa zizi, kwamba kinachomrusha mtu hewani ni uchungu. Mtu asiye na uchungu ni mzito. Unga mweupe ulikuwa mapambo tu.

Mambo hayo yangebaki ukutani pale kama shule yetu isingechaguliwa kutoa watoto wa halaiki kwa ajili ya sherehe kubwa uwanjani. Mwalimu Simfukwe, mfupi, na filimbi yake shingoni, alitupanga mistari kila alasiri kwenye vumbi. "Chuchumaa! Simama! Chuchumaa! Mkono wa kulia!" Wiki ya kwanza tulichuchumaa. Wiki ya pili tulichuchumaa. Alikuwa amesema kwamba mwishoni atachagua watoto wawili wa kupiga samasoti mbele ya wageni, na Skola alilitaka hilo kuliko kula. Aliliota. Nililala naye kitanda kimoja, nikahisi miguu yake ikipiga teke usingizini.

"Mwalimu, lini tunaanza kuruka?" alimuuliza siku moja.

"Utaruka na magoti yapi?" Mwalimu Simfukwe akamjibu. "Hayo bado umeazima. Chuchumaa."

Tulimcheka njiani tukirudi. Tulimwonea huruma, maskini, hana televisheni. Tungemwonyesha.

Uwanja wetu ulikuwa shamba la Bibi. Mkokoteni wa ng'ombe uliegeshwa pembeni tangu maharage yalipokwisha kubebwa, na kutoka ubao wake wa nyuma hadi kilima cha karibu palikuwa na hatua mbili. Masika yaliyopita, vilima vikiwa vipya na majani bado mabichi ndani yake, tulikuwa tumevirukia mpaka Bibi akatufukuza na ufagio. Vilikuwa vinabonyea. Ulitua mpaka magotini na udongo ukakushika taratibu, ukanuka nyasi siku nzima. Kichwani mwetu intumba ilikuwa kitu laini, kama ilivyo kwamba maziwa ni meupe. Hatukuwaza kwamba jua la kiangazi na upepo wa Ufipa hufanya kazi kila siku. Intumba ya kiangazi ni tofali.

Skola alianza na kuruka tu, akatua kwenye majani makavu pembeni ya mkokoteni. Kisha akajaribu kujikunja, akaanguka kwa makalio. Mara nne, mara tano. Alikuwa anaguna lakini halii, na hilo ndilo lililotusumbua.

"Huna uchungu," nikamwambia kitaalamu.

Tukautafuta uchungu. Nilimfinya. Nilimnyang'anya andazi lake nikala mbele yake, akanitazama tu, akasema nami nitakosa la kesho. Tulimkumbuka kuku wake mwekundu aliyeliwa na kicheche. Akahuzunika kidogo, akaruka, akaanguka kwa makalio. Alipaka viganja vyake unga wa muhogo aliouiba jikoni, akavipiga makofi, na upepo ukampiga unga wote machoni. Hapo machozi yalitoka, lakini tulikubaliana kwamba hayo hayahesabiki.

Alikaa ukingoni mwa mkokoteni, miguu ikining'inia. Anga ya huko juu mnaijua, ni kubwa hadi unajisikia umesahauliwa chini yake. Wingu moja lilikuwa linapita na kivuli chake kikatembea juu ya vilima, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Dada," akasema, "niambie kitu cha kunitia uchungu."

"Kama nini?"

"Kitu cha kweli. Vya uongo havishiki."

Nilifikiri. Niseme ukweli: sikufikiri sana. Nilijua pa kugusa, kama unavyojua jino lipi linauma mdomoni mwako.

"Mama yako harudi," nikasema.

"Anarudi mwisho wa mwezi. Kasema mwenyewe."

"Kaolewa huko Kirando. Nilimsikia Bibi akimwambia Babu jikoni. Wamesema wewe usiambiwe."

"Apa!"

"Haki ya Mungu."

Hakulia hapo hapo. Alinitazama muda mrefu, kisha akatazama kule barabara inakoteremkia ziwani. Kitu fulani kikazimika usoni mwake, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimekiona kitu hichohicho kwenye uso wa Binti Mrembo. Midomo ikaanza kutetemeka. Machozi yakaja bila sauti, mengi.

"Sasa ruka," nikamwambia.

Alisimama. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, sawasawa kabisa na vile tulivyofundishwa. Akapiga hatua mbili juu ya mbao, nikasikia mbao zikilia, nikaona vidole vya miguu yake vikiacha ubao. Na hapo nikafumba macho. Sikuogopa. Nilifumba kwa sababu hapo ndipo picha ilipokatika kila mara, na nilidhani ndivyo kitu kinavyofanyika: usipotazama, kinatokea.

Nilisikia kishindo kidogo, kama gunia la maharage linalotuliwa. Nilipofumbua, Skola alikuwa amelala chali juu ya intumba, uso mweupe kwa unga, na mkono wake wa kushoto umeelekea upande ambao mkono hauelekei.

"Nilizunguka?" aliniuliza. Kabla hata ya kulia aliniuliza hivyo. "Dada, nilizunguka?"

"Ulizunguka," nikasema. "Ulizunguka vizuri sana."

Bibi alikuja mbio na kanga yake ikiburuzika. Hakutupiga. Hilo lilinitisha zaidi kuliko fimbo. Babu alimbeba Skola hadi hospitali, akampa dereva wa lori aliyekuwa anateremka ziwani ujumbe kwa mama mdogo, na mimi nikabaki nimejikunja nyuma ya ghala, nikisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Watoto wameruka, mmoja kaanguka, basi. Usiku ule Skola alilala na mkono wenye plasta juu ya mto, mimi nikalala sakafuni. Nilikuwa nimepanga kumwambia asubuhi kwamba nilimdanganya. Asubuhi nikapanga jioni. Siku ya tatu, mchana, mama mdogo akatokea njiani na magunia yake na harufu yake, akamkuta mtoto wake mlangoni na mkono umening'inizwa shingoni, akatupa mizigo chini akapiga yowe. Skola alimshika kwa ule mkono mzima, hakumwachia hadi giza lilipoingia.

Nikashusha pumzi. Nilijiambia mambo yamekwisha. Nilisema harudi na amerudi, kwa hiyo uongo wangu umejifuta wenyewe, kama maandishi ya chaki mvua ikinyesha. Mama mdogo alikuwa amemletea raba nyeupe mpya, zimefungwa kwenye gazeti. Siku ya sherehe mimi nilichuchumaa na kusimama uwanjani pamoja na watoto wengine mia, na samasoti ilipigwa na wavulana wawili wa darasa la sita. Skola alikaa kwenye nyasi na mama yake, raba zake zikiwaka kwenye jua, hazijakanyaga vumbi.

Mfupa uliunga. Kiwiko hakikunyooka tena moja kwa moja, wanasema ndivyo viwiko vilivyo. Jambo lililonishangaza, ingawa sikulipa jina, ni kwamba tangu wakati ule kila mama mdogo alipokunja magunia yake kwa safari, Skola aliumwa. Mara tumbo, mara kichwa, mara moja alijitupa kutoka kwenye ngazi ya ghala. Mama mdogo aliahirisha, akaahirisha tena, mwisho akaiacha biashara ya dagaa, akabaki kulima. Watu walisema mtoto huyu ana mwili dhaifu. Nami nikasema hivyohivyo, nikiwa mtu mzima, nikiwa na akili zangu.

Miaka mingi baadaye niliona jimnastiki ya kweli, kwenye televisheni ya sebule ya kusubiria wagonjwa, sauti imezimwa. Msichana mdogo, vifundo vyote vimefungwa bandeji, alipanda kwenye boriti nyembamba, akaanguka. Hakulia. Hakuna aliyemwimbia. Alipaka tena unga viganjani, akapanda, akaendelea pale alipoachia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu. Picha haikukatika. Nilimwona akiwa hewani mwanzo hadi mwisho. Nikaanza kulia mimi, na muuguzi akaja kuniuliza mgonjwa wangu ni nani.

Hata hapo sikumwambia Skola. Nilidhani ninamficha jambo dogo la kitoto. Hadi siku ile ya msimu uliopita, tuko shambani, mimi nimeegemea jembe na harufu ile imenijaa. Skola alikuwa anabomoa kilima chake kwa mtindo wake, mkono wa kulia unavuta na wa kushoto, uliopinda, unasindikiza tu.

"Pole na mkono," nikamwambia. "Ungekuwa mzima ungenishinda."

"Usiuonee huruma huu," akasema, akauinua kidogo. "Huu ndio ulionirudishia mama. Nisingevunjika angebaki kulekule Kirando kwa huyo mume wake."

Alilisema kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Akapiga jembe.

Nikaelewa yote kwa pamoja: lile tumbo, kile kichwa, ile ngazi ya ghala. Miaka yote mdogo wangu aliamini kwamba mama yake aliwahi kumwacha, na kwamba alimnunua tena kwa mfupa.

"Skola," nikasema. "Hapakuwa na mume."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikimtaja Binti Mrembo na Mama Edga na wala sikumwangalia. Nilisema sikumsikia Bibi akisema chochote. Nilisema nilitunga hapo hapo, kwa pumzi moja, ili yeye apate machozi ya kurukia. Nilipomaliza, jembe lake lilikuwa limelala chini na yeye amekaa juu ya kilima kilichobomolewa nusu.

"Hukuwahi kumuuliza?" nikasema.

"Kitu ukiogopa jibu lake, unakiuliza?"

Kivuli cha wingu kilitupita.

"Basi angalau uliniona nikizunguka," akasema.

Ningeweza kumpa hilo. Lilikuwa mdomoni.

"Nilifumba macho," nikasema.

Akanitazama. Akatoa sauti ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa kicheko. Kisha akajifuta udongo kwenye gauni, akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka juu ya intumba ambayo bado ilikuwa nzima, spika imewashwa. Mama mdogo sasa anaishi Muze, analima mpunga, na simu huchelewa kuipokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Hakuna kitu, tuko shambani na dada. Mama, ile mara niliyovunjika mkono. Ujumbe wa Babu ulikukuta wapi?"

"Ujumbe gani?"

"Alimpa dereva wa lori."

"Mimi sikupata ujumbe wowote. Labda tulipishana njiani. Nilikuwa narudi zangu, mzigo ulijaa mapema. Nikakukuta mlangoni umening'iniza mkono, nusura nizimie."

"Na zile raba?"

"Raba nilinunua siku niliyofika Kirando, kabla hata sijaenda kuona dagaa. Si ulinililia unazitaka za halaiki? Nilizilalia kichwani huko zisiibiwe." Alicheka, halafu akasita. "Skola? Unalia? Kwani ulidhani nilikuwa wapi?"

Skola aliniangalia juu ya ile simu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Nikasubiri. Nilistahili lolote ambalo angelisema.

"Nilidhani umechelewa tu, Mama," akasema.

Akazungumza naye kidogo zaidi, habari za mpunga, habari za mvua. Akamuaga. Akainuka, akaokota jembe langu kutoka pale nilipoliachia, akanipa.